Jina Lililotajwa Mezani

Seija ana mikono mizuri. Naanza na hilo ili msije mkasema mimi, Pirkko, sijui kusifu watu. Akishika sindano, akishika unga, akishika mtoto anayelia, kila kitu kinatulia. Nimeitazama mikono ile miaka minane, na kila nikiitazama roho inaniuma upya.

Yangu ni mikono ya kiwandani. Miaka thelathini na moja nilisimama kwenye mkanda wa kiwanda cha mikate hapa Lahti, Ufini, mikate inapita mbele yangu, mimi natoa yenye ufa. Kazi hiyo ukiifanya sana inakuharibu: mpaka leo nikikutana na mtu, jicho linakwenda lenyewe kutafuta ufa. Kwa Seija nimetafuta nikachoka. Goti lake la kushoto ni bovu. Basi, nimepata hilo tu.

Mtoto ninaye mmoja, Janne. Baba yake alifariki Janne akiwa na miaka sita, nikamlea mwenyewe, na sikuolewa tena, kwanza kwa sababu ya zamu za alfajiri, pili kwa sababu hakuna aliyekuja kuuliza. Janne akakua, akamwoa Suvi, na mama yake Suvi ndiye huyo Seija. Alikuwa fundi wa magauni ya harusi, mjane kama mimi, ila ujane wake unampendeza. Tena anakaa mtaa mmoja na watoto wetu, anakwenda kwao na ndara miguuni. Mimi napanda mabasi mawili, nafika nimevaa viatu vya kutokea na mfuko wa keki ya dukani, namkuta Seija ameshaoka vile vikate vya unga mweusi vyenye uji wa mchele ndani. Mjukuu wetu Eino anakula vikate sita. Keki yangu inaliwa na Janne, kwa huruma.

Eino ana miaka mitano. Siku moja alijikwaa sebuleni, mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwake, mikono nimeshanyoosha. Mtoto aliinuka, akanipita, akakimbia mpaka jikoni kwa Seija ndipo akaanza kulia. Eti alikuwa ameuhifadhi ule mlio njia nzima! Niliirudisha mikono yangu mapajani nikajifanya nanyoosha sketi.

Basi mwezi wa nane alizaliwa wa pili, msichana. Na hapa ndipo ugonjwa wangu wa wivu ulipopanda.

Kwetu mtoto hana jina mpaka abatizwe. Wazazi wanalijua, mchungaji anaambiwa, na kwisha. Sisi wengine tunamwita Kadogo, tunasubiri. Bibi yangu alikuwa akisema jina likitajwa kabla ya maji, maji yanakuta limeshachakaa. Vijana wa siku hizi wanacheka maneno hayo, lakini hawalitaji vilevile, hata uwabane vipi. Na jina la pili, lile la nyuma, aghalabu ni la bibi au babu. Eino alipewa Kalevi, jina la marehemu mume wa Seija. Kwa hiyo upande wao walishapata. Safari hii zamu ilikuwa yangu, na sikuhitaji kwenda shule kulijua hilo. Sikumwambia mtu, lakini usiku na mchana nilikuwa nalitaka jina la Pirkko likae juu ya kichwa kile kidogo. Nilijua nikifa, Pirkko wa mwisho wa ukoo wetu amekufa.

Ubatizo ulipangwa Jumapili, mwishoni mwa likizo ya vuli. Na kwa kuwa ilikuwa likizo, Janne akatukatia tiketi za meli ile kubwa ya watalii kutoka Helsinki hadi Stockholm na kurudi: kuondoka Jumatano jioni, kurudi Ijumaa asubuhi. Wao wanne chumba kimoja chenye dirisha. Sisi mabibi wawili chumba kingine, chini kabisa, chini hata ya magari.

"Pamoja?" nikamwuliza Janne. "Mimi na Seija?"

"Mama, mtazoeana."

"Miaka minane hatujazoeana, tutazoeana chini ya maji?"

Akacheka. Mwanangu hucheka nikisema kweli.

Bandarini kila abiria alipewa kadi yenye jina lake. Janne alizishika zote mkononi, na mimi nikajipenyeza kama nataka kumrekebisha kola. Ya Kadogo ilikuwa ya mwisho. Imeandikwa: Binti Salmela, jina la ukoo tu. Nikahisi mtu anapumua begani kwangu.

"Usijisumbue," Seija akaninong'oneza. "Nimeshachungulia."

Angalau hapo tulikuwa sawa.

Chumbani vilikuwepo vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, na ngazi ya chuma. Seija aliingia kwanza, akaweka mkoba wake kitanda cha chini. "Goti," akasema. Hakuomba, hakuuliza, goti tu. Nikapanda juu nikiwa na miaka yangu sitini na saba na nyonga zangu, na hasira nikaimeza na mate.

Saa kumi na moja meli ikaondoka. Watoto wote wa Ufini walikuwa mle ndani, naapa, wanakimbia korido nzima na soksi. Seija akamchukua Eino kwenye lile bwawa la mipira la kuchezea watoto, wakakaa huko saa nzima. Waliporudi, Seija hakuwa na rangi. Nikadhani ni bahari. Akasema ana kichwa, akaenda kujilaza. Mimi nikaona mwanya. Suvi na Janne walikuwa wanamwogesha Kadogo, nikamshika Eino mkono nikampeleka kwenye duka la melini, lile lisilotozwa ushuru, lenye makreti ya peremende yaliyopangwa mpaka darini.

Eino akasimama mlangoni. "Bibi, leo si Jumamosi."

Kwetu watoto wanakula peremende Jumamosi tu. Nyumba zote zina sheria hiyo, na Suvi anaishika kama polisi.

"Baharini hakuna Jumamosi," nikamwambia.

Akafikiri. "Mama anajua?"

"Mama anaogesha mtoto."

Akanyoosha kidole kwenye boksi la peremende nyeusi za chumvi, boksi lenye picha ya meli, kubwa kuliko kichwa chake. Nikalinunua. Tukakaa kwenye benchi mbele ya duka, nikalishika boksi mapajani bila kulifungua.

"Eino, mpenzi wa bibi. Mdogo wako atapewa jina la bibi gani?"

"Ni siri."

"Najua ni siri. Ndiyo maana boksi ni kubwa."

Jamani, msinitazame hivyo. Nilikuwa na wiki tisa sijalala vizuri. Mtoto akaliangalia boksi, akaniangalia mimi, akaangalia kama mama yake haji.

"La mbele sisemi," akasema.

"La mbele kaa nalo."

"La nyuma ni Seija."

Nikampa boksi. Akalifungua mwenyewe.

Wivu mimi naujua, nimeishi nao, lakini huu wa siku ile ulikuwa mwingine. Seija! Ameshapata Kalevi, amepata mtaa mmoja nao, amepata vikate sita, analiliwa yeye, na sasa jina pia! Na mimi niliyemzaa Janne, niliyeamka saa tisa alfajiri miaka yote ile ili mtoto avae viatu kama wenzake, nitaachiwa nini? Kadi ya Krismasi? Nilikaa kwenye benchi lile Eino akimumunya peremende pembeni yangu, nikamchukia mwanamke mzima wa watu kwa moyo wangu wote.

Niliporudi chumbani nilikuta mambo yamebadilika. Mkoba wangu umeshushwa kitanda cha chini, shuka imetandikwa, mto umepigwapigwa. Seija yuko juu, na goti lake bovu, amegeukia ukuta, anashona.

"Lala wewe chini, Pirkko," akasema bila kugeuka. "Wewe ndiye mkubwa."

Mkubwa kwa miezi minne!

"Na goti?"

"Litakufa? Halifi."

Nikaelewa mara moja. Anajua. Suvi kamwambia mama yake kwa siri, na sasa ameshinda, anaona raha kunitupia kitanda. Huruma ya mshindi. Afadhali angenitukana.

"Unashona nini?"

"Kitu cha mtoto."

"Nione."

"Hapana." Akakificha kifuani. "Utakiona Jumapili."

Niliona pembe tu ya kitambaa cheupe cha kitani. Cha kukaushia kichwa cha mtoto baada ya maji, hicho nilikijua, kwetu kinatariziwa jina. Nikajilaza chini yake nikisikiliza uzi unapita kwenye kitambaa, shwii, shwii, nikajua anatarizi jina lake mwenyewe juu ya uso wangu. Mara moja akasema "aii" kwa sauti ndogo, alijichoma sindano. Nikafurahi.

Alhamisi tulishuka Stockholm, mvua ya rasharasha, mawe ya barabarani yanateleza. Siku nyingine zote kigari cha mtoto kinasukumwa na Seija. Huwezi kukipata hata uombe kwa barua. Siku hiyo akanisogezea mpini. "Sukuma wewe leo." Tulipokaa mkahawani kula andazi la mdalasini, akaniachia kiti cha karibu na mtoto. Mtoto akashika kidole changu, na Seija akageuza uso akatazama dirishani. Mimi nikamwambia Kadogo moyoni: usinishike hivyo, wewe wa Seija.

Kila wema wake ulikuwa kijiko kingine cha chumvi kwenye kidonda, na yeye wala hakukoma. Alinibebea mwavuli. Alisema skafu yangu nzuri. Skafu hii hii ninayo tangu ubatizo wa Eino, na hajawahi kuiona!

Tukapanda melini kurudi. Saa kumi na moja na nusu tukaingia kwenye bufee, meza ya duara, sisi watu wazima wanne, Eino, na Kadogo kwenye kikapu chake katikati ya viti. Pale melini chakula unajipakulia: samaki wa siki wa kila namna, samoni, viazi vidogo, kababu za watoto. Na divai inatoka bombani, unafungua mwenyewe, hakuna anayekutazama. Nilikwenda bombani mara tatu. Sitaki kuisingizia divai, lakini muijue idadi.

Seija akarudi na sahani mbili. Moja akaiweka mbele yangu. "Nimekuletea mayai ya samaki na kitunguu. Najua unayapenda."

Hapo ndipo nilipopasuka.

"Seija, tangu jana unanifanyia wema. Kuna nini?"

"Kwani siku zote nakufanyia ubaya?"

"Nijibu."

Akashusha macho. "Nimeona tu ni haki."

"Haki! Aliyeshinda haoni taabu kuzungumza haki."

"Nimeshinda nini mimi?"

"Mama," Janne akasema taratibu, "kula."

Sikula. Nilisimama. Glasi ilikuwa mkononi, na mdomo uliniponyoka, au niseme kweli: niliufungua mwenyewe, kwa makusudi, nikapaza sauti.

"Basi tumnywee mtoto! Tusifichane tena, wote tunajua. Tumnywee Seija mdogo!"

Meza ya jirani walikuwa watu wa furaha, wameshakwenda bombani mara nyingi kuliko mimi. Wakainua glasi zao wote. "Maisha marefu, Seija!" wakapiga kelele, wakanywa.

Kwetu mezani hakuna aliyeinua kitu. Suvi alikuwa na uma mkononi, kababu imechomwa, haijafika mdomoni. Aliiweka chini. Uso wake ulikuwa mweupe mpaka midomoni.

"Nani kakwambia?" akauliza.

Macho yangu yalijibu, kwa sababu yalikwenda kwa Eino, na wote wakaangalia kule. Eino alikuwa na aiskrimu mpaka puani.

"Eino," Janne akasema. "Ulisema?"

Mtoto hakuona shida yoyote. "Bibi Pirkko alininunulia boksi," akasema. "Boksi kubwa, la meli. Kwa hiyo nilimwambia kweli." Akalamba kijiko. "Bibi Seija naye aliniuliza, kule kwenye mipira. Lakini yeye alinipa biskuti kavu, akasema leo si Jumamosi. Kwa biskuti kavu nikamwambia ni Pirkko."

Nilimtazama Seija. Ningependa kusema sikumtazama.

Alikuwa ameshika kiti. Nikamwona anaielewa habari ile polepole: kwanza kwamba jina si la Pirkko, kisha kwamba ni lake yeye. Uso ulimfunguka, naapa, ukawa wa msichana, mkono ukapanda kifuani. "Suvi," akasema, "kumbe ulikuwa..." Halafu akamwona binti yake analia, na furaha ile ikaondoka kabla hata hajaikalia.

"Siku tatu, Pirkko," Suvi akasema. Kwetu mkwe kukuita jina lako kavukavu ni kawaida, lakini siku hiyo lilinikata. "Zilibaki siku tatu. Nimelibeba jina hilo tangu mimba haijaonekana. Nilitaka mama alisikie mbele ya maji, asijue, asitegemee, alisikie tu. Usiku nilikuwa nalifikiria, uso wake utakuwaje." Akajifuta kwa karatasi ya mezani. "Sasa nimeuona. Hapa, kwenye viazi. Na wale wameshalinywea."

"Suvi, mpenzi," Seija akasema, "mimi limenitosha. Lipeleke hivyo hivyo."

"Silipeleki. Limekwisha."

"Ni jina tu," Janne akasema, maskini, mwanamume.

"Kama ni jina tu, basi kutafuta lingine si kazi." Akainua kikapu cha mtoto akaondoka. Janne akamfuata na Eino. Tukabaki mabibi wawili na sahani ya mayai ya samaki. Seija alikaa kidogo, kisha naye akainuka, akachechemea kati ya meza mpaka mlangoni.

Janne alinikuta nje kwenye sitaha, nimeshika reli, upepo unanipiga.

"Kwa nini Seija?" nikamwuliza. Hata pale, baada ya yote, bado niliuliza! "Mlishawapa Kalevi. Ilikuwa zamu yangu."

Alinitazama kama aliyeulizwa kwa lugha nyingine. "Mama, ulitukataza mwenyewe. Eino alipozaliwa ulisema Pirkko ni jina la ng'ombe wa maziwa. Ulisema tukimpa mtoto jina hilo hutatia mguu ubatizoni."

Nilisema. Nilikumbuka mpaka kikombe nilichokuwa nimeshika.

"Nilisema ili mnikatalie," nikamwambia. "Ili mniambie, aa, Mama, jina zuri hilo."

"Sasa sisi tungejuaje?"

Kweli wangejuaje. Kwetu mtu akisema hataki kahawa, hapewi kahawa. Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, nilitegemea nini?

Chumbani Seija alikuwa juu tena, nguo za kutembelea mwilini, hashoni. Nilitaka kumwambia neno, akaniwahi. "Taa unazima wewe au nizime mimi?" akauliza. Ndilo neno pekee nililolisikia kwake mpaka Helsinki.

Jumapili nilipanda mabasi yangu mawili. Nilifikiria kutokwenda, lakini hapo ningekuwa nimetimiza maneno ya ng'ombe wa maziwa. Mchungaji alikuja nyumbani, kijana mwenye ndevu chache, bakuli la fedha likawekwa juu ya kitambaa cheupe, keki ya mkate na samoni ikasubiri jikoni. Tulisimama nusu duara. Kadogo alivaa gauni refu la ubatizo ambalo Seija alilishona kwa ajili ya Suvi, likavaliwa na Eino pia. Seija alikuwa upande mmoja, mimi upande mwingine, na kati yetu watu wa kutosha.

Eino ndiye aliyepewa kazi ya kulitangaza jina. Safari hii walimwambia mlangoni, dakika moja kabla, na baba yake akamshika mkono mpaka mbele. Alivuta pumzi.

"Aava Matilda!"

Matilda. Ukoo wetu hauna Matilda. Ukoo wao hauna. Baadaye Janne aliniambia Suvi alilikuta kwenye kalenda ya majina, ile yenye jina la mtu kwa kila siku, Ijumaa, akiwa amesimama jikoni na koti bado mwilini. Maji yakamwagwa mara tatu, mtoto akapiga chafya, na mchungaji akamkausha kichwa kwa kitambaa kitupu, kisicho na hata herufi moja, fundi mwenyewe amesimama pale pale.

Nilitaka jina la Seija lisiwepo. Sasa halikuwepo. Nilingoja nione raha, hata kidogo, nikakodolea macho lile bakuli.

Wakati wa kahawa Seija akaniita jikoni kwa kichwa. Akafunga mlango. Akatoa kwenye mkoba kitambaa cha kitani kilichokunjwa mara nne.

"Chukua."

Nikakikunjua. Pembeni palikuwa na nafasi tupu, ya jina la mbele, na baada ya nafasi hiyo, kwa uzi wa waridi, herufi za duara, nzuri kuliko chochote nilichowahi kuwa nacho: Pirkko.

"Nilikishona melini," akasema. "Mtoto aliponiambia ni wewe, nilikwenda kulia chooni, nikanawa uso, nikapanda kushona. Usidhani nilishona kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimekuonea wivu sana. Ile P niliifumua mara tatu. Nilikupa kitanda ili nisikuchukie, nikakupa na kigari, na bado nilikuchukia."

"Kumbe hukujua."

"Ningejua, ningekuachia kitanda cha chini? Na goti hili?"

Nilicheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, nikashika meza. "Nisamehe, Seija. Nimekunyang'anya."

"Umeninyang'anya," akasema. "Sijakusamehe bado. Shika vikombe hivyo, watu wanasubiri."

Kitambaa nilikuja nacho nyumbani. Hakuna mtoto wa jina hilo, na mimi sihitaji cha kukaushia kichwa. Wiki mbili kilikaa kwenye droo ya vijiko. Halafu jioni moja nilivaa miwani, nikachukua mkasi mdogo, nikaanza kufumua ili paandikwe Matilda, mtoto awe na kitu kilichoshonwa na bibi yake. Nilifumua o, nikafumua k moja. Hapo mkono ukagoma. Nilikitazama kile kipande cha jina langu kilichotariziwa na mtu aliyekuwa ananichukia, kizuri vile, na wivu ukanipanda tena, ule ule wa zamani, wa mikono.

Nikampigia simu. "Seija, M inashonwaje?"

Nikamsikia akiburuta kiti, akakaa.

"M ni ngumu kuliko P," akasema. "Njoo Jumamosi. Na Eino mletee peremende, siku hiyo ni halali."